Mpaka wa Maboga

Jumanne ya kwanza baada ya mvua ya mwaka kuanza, Waridi binti Mwinyi alichimba mashimo ishirini na mawili nyuma ya nyumba yake huko Kinondo, akatia samadi ya mbuzi katika kila shimo, kisha akaenda kuchukua mbegu za maboga kwa mama yake. Mama yake, Bimkubwa, alikuwa kipofu kwa mwaka wa kumi. Alikuwa ameketi mlangoni juu ya kigoda akizipapasa mbegu moja moja. Zilizokuwa nzito alizitia kwenye kifuu cha nazi, zilizokuwa nyepesi akawatupia kuku. Mbegu hizo zilikuwa zimekaa tangu mwaka uliopita ndani ya kibuyu kilichotundikwa juu ya meko, zimechanganywa na majivu ili wadudu wasizipate. Mama yake Bimkubwa alizihifadhi vivyo hivyo, na bibi yake pia. Hakuna mtu aliyewahi kununua mbegu ya boga katika nyumba ile.

Zilipandwa tatu kwa kila shimo, ncha ikielekea chini. Mbili zilikuwa za mpanzi, moja ilikuwa ya panya, na panya wa Kinondo walijua ile yao ni ipi. Waridi alipanda kwa mstari kufuata mpaka, kuanzia pembe ya jikoni, kwa sababu boga halina adabu, na ukilipanda katikati ya uwanja utalikuta chini ya kitanda.

Shamba lilikuwa la Bimkubwa. Alilirithi kwa mjomba wake, kwa ile mila ya Wadigo ya zamani ambapo mali hufuata tumbo, nalo lilianzia njia ya gari likashuka hadi kwenye mchanga wa pwani. Waridi alizaliwa humo. Mbwana alipomwoa alikuja kuishi humo pamoja na mkwewe, akisema kwamba ukipenda boga hupenda na ua lake, na ndugu yake Athmani akamfuata. Bimkubwa aliwaruhusu wale ndugu wawili wapande minazi. Hilo halikumpunguzia kitu, kwani kila mtu wa pale alijua tangu akinyonya kwamba mnazi ni wa aliyeupanda na ardhi ni ya mwenye ardhi, na vitu hivyo viwili vinaweza kukaa pamoja miaka mia bila kugombana. Mbwana alikufa kwa homa. Minazi ikabaki kwa Athmani, aliyekuwa amejenga nyumba yake upande wa pili wa mpaka, na ardhi ikabaki ilipokuwa.

Bimkubwa alikuwa na haja moja tu iliyobaki duniani. Kaburi la mama yake lilikuwa hatua thelathini kutoka jikoni, na kando yake palikuwa pameachwa nafasi. Kuku walikuwa wakioga mchanga pale. Bimkubwa alizijua zile hatua thelathini kwa miguu yake, na kila Ijumaa alizitembea peke yake, akapasalimia mahali pake kama mtu anayekagua chumba alichowekewa.

Kufikia mwezi wa sita maboga yalikuwa yameshika, kila moja kubwa kama ngumi ya mtoto. Huo ndio wakati wa hatari. Boga changa halioneshwi kwa kidole. Likioneshwa kwa kidole huoza. Mtu akitaka kumwonesha mwenzake boga changa hukunja ngumi akaielekeza, au huinua kidevu. Watu wa Kinondo hawakuihesabu hii kuwa imani. Waliihesabu kuwa kilimo.

Ilikuwa mwaka wa sita wa Uhuru, na serikali ilikuwa ikipima ardhi ili kila mtu apate cheti cha shamba lake. Gari lenye kipaza sauti lilipita likiwatangazia watu, na watu wakafurahi. Waridi naye alifurahi. Siku aliyoambiwa wapimaji watakuja, alikaanga mahamri tangu alfajiri.

Walikuja saa sita mchana. Afisa wa upimaji alikuwa kijana wa bara mwenye soksi ndefu nyeupe na kikohozi. Pamoja naye walikuwamo wabeba minyororo ya kupimia wawili, na karani wake, Chome, ambaye alikuwa mtu wa hukuhuku, mama yake akikaa nyumba ya sita kutoka hapo. Afisa alikuwa na mashamba manane ya kumaliza siku ile. Alisimama barazani, kwenye kivuli, akafungua ubao wake wa kuandikia.

"Mama, hebu nionyeshe mpaka ya hii shamba. Inaanza wapi, inaisha wapi?"

Waridi alikunja ngumi akaielekeza kwenye pembe ya jikoni. "Unaanzia pale, mwanangu, ukafuata maboga, ukashuka mpaka kule pwani."

"Pale wapi?"

"Pale," Waridi alisema, akainua kidevu.

"Nionyeshe na kidole, mama."

"Siwezi, mwanangu. Maboga bado machanga. Lakini twende nikutembeze, tutauzunguka wote."

Afisa alilitazama jua, kisha akamtazama karani wake. "Anasema nini huyu?"

Chome alijua vizuri sana Waridi alikuwa akisema nini. Mama yake Chome alikuwa na maboga yake nyumbani, na asubuhi ileile Chome mwenyewe, akitoka kwenda kazini, alikuwa amemwonesha mama yake boga moja kwa ngumi. Lakini alikuwa amepata kazi ile mwezi uliotangulia tu, na viatu alivyovaa vilikuwa vipya, na aliona haya kumweleza mtu mwenye soksi nyeupe mambo ya kidole na boga.

"Sijui, bwana," alisema. "Hawa wazee wana maneno yao."

Athmani alikuwa karibu, akifua makumbi ya nazi kwenye ncha ya kifuo chake. Afisa alimwita. Alimwuliza minazi yote ile ni ya nani, naye akajibu kwamba ni yake, na hilo lilikuwa kweli. Alimwuliza mpaka unapita wapi. Athmani hakuwa na boga hata moja, na mtu asiye na boga husahau. Alinyoosha kidole cha shahada akaonesha mstari wote, boga baada ya boga, kuanzia la kwanza hadi la ishirini na mbili, kisha akaonesha njia ya gari na pwani.

Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina la mwenyewe. Kwenye mstari huo afisa aliandika jina la Athmani, na chini yake, penye nafasi ya maelezo, akaandika kwamba mama mmoja anayeishi hapo aliulizwa mpaka akashindwa kuuonyesha. Kisha walikula mahamri, wakayasifu, wakaenda kwenye shamba la tano.

Maboga yalianza kulainika alasiri. Yalioza kwa zamu, kwa mpango uleule ambao Athmani aliyaonesha, na jua lilipokuwa likitua yalikuwa yameisha yote. Waridi aliyakusanya kwenye ungo akawapelekea mbuzi. Mbuzi waliyanusa wakageuka. Athmani aliposikia alikuja kuomba radhi kwa moyo safi.

"Nisamehe, shemeji. Niliulizwa kwa ghafla."

"Yamepita, shemeji," Waridi alisema, na wakati huo aliamini kwamba kilichopotea ni maboga.

Siku ya nne, baada ya sala ya alfajiri, shina la boga lililokuwa kwenye pembe ya jikoni lilitoa chipukizi jipya, na chipukizi hilo likaanza kutembea. Lilikwenda kwa mwendo wa mtu mzima anayekwenda dukani bila haraka. Waridi alilifuata kwa muda, kisha akarudi kuchota maji, kwa sababu pipa lilikuwa tupu. Lilipofika kwenye nyumba ya Athmani halikupinda. Lilipitia jikoni kwake katikati ya mafiga, na Dama, mke wa Athmani, alikiinua chungu cha wali hadi lilipokwisha kupita, akakirudisha. Hapo ndipo Athmani alipojua kwamba jiko lake lilikuwa limeingia hatua mbili katika ardhi ya Bimkubwa. Alisema kwamba siku zote alihisi hivyo.

Adhuhuri lilipumzika. Alasiri likaendelea. Karibu na njia ya gari lilizunguka mahali ambapo hapakuwa na kitu, likapiga upinde mzuri kama linalokwepa nguzo, na wazee wakakumbuka kwamba palikuwa na mti mkubwa wa mbambakofi pale, uliokatwa zamani za Mwingereza. Siku ya tatu ya mwendo wake liligusa majani ya mwisho kabla ya mchanga, likageuka. Jumanne lilirudi pembe ya jikoni kwa upande mwingine, likajifunga kwenye shina lake lenyewe kwa vikono vyake, likatulia. Watu waliokuja kulitazama walitembea kulifuata kutoka mwanzo hadi mwisho, wakasema kwamba ndio mpaka hasa, haukuzidi wala haukupungua. Wengine waliomba majani ya kupika.

Lilizaa maboga kumi na moja, moja kwenye kila pembe. Hayakuchukua muda kukomaa. Waridi alilichuma la kwanza ili alipike kwa nazi, na kisu kilipofika katikati kikagonga kitu. Pale pa mbegu palikuwa na mkaa. Ulikuwa vipande tisa, vikavu, havina hata ute wa boga. Aliutia mikononi mwa mama yake.

Bimkubwa aliupapasa, akaunusa. "Huu ni wa babu yake mjomba," alisema. "Aliufukia kwenye pembe zote. Mkaa hauozi, wala hauoti. Tulipokuwa watoto mjomba alitupeleka pembe baada ya pembe, akatufukulia tukauona, akaufukia tena, na kila pembe akatuzaba kofi, ili tusisahau."

"Kofi kumi na moja?"

"Kumi na moja. Nilikuwa mimi, na marehemu dada yangu, na Abdurahman mtoto wa jirani, ambaye hakuwa na haja nazo lakini alikuwepo."

Walilila lile boga. Lilikuwa tamu, la unga, na mkaa Waridi aliuweka kwenye kibuyu.

Mwezi wa nane orodha ya majina ilibandikwa kwenye ukuta wa duka la Ukunda. Waridi hakujua kusoma. Alisimama mbele ya ile karatasi hadi Chome alipotokea, akamwomba amtafutie jina la mama yake. Chome aliipitia orodha kwa kidole, taratibu, ingawa aliyajua yaliyomo kwa kuwa aliyaandika yeye.

"Shamba limeandikwa Athmani, mama," alisema.

"Vipi Athmani?"

"Una siku sitini za kulalamika. Arubaini zimeshapita." Kisha, kwa sauti ndogo, akasema, "Nisamehe."

Waridi alikuwa ameshashika njia. Moyo wake ulikuwa umekwenda mbio hadi nyumbani, kwenye zile hatua thelathini.

Kamati ya ardhi ilikaa kwenye chumba cha darasa siku ya Alhamisi, watu saba kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kifuani. Mwenyekiti wao alikuwa Bwana Abdurahman, yule yule aliyekuwa mtoto wa jirani. Waridi aliwaamkia mmoja mmoja, akaweka kikapu mezani. Ndani yake mlikuwa na maboga matatu. Alieleza habari yote, ya kidole na ngumi, ya chipukizi, na ya mbambakofi, na hakuna aliyemkatiza. Wengi wao walikuwa wamekwenda kuutembelea mpaka ule wenyewe, na wawili walikuwa wamekula majani yake.

Boga la kwanza lilipasuliwa. Bwana Abdurahman aliutoa mkaa akauweka kwenye kiganja. Mkono wake mwingine ulipanda wenyewe ukashika shavu.

"Naujua mkaa huu," alisema. "Ni wa pembe ya kisimani. Hapo alinipiga kwa nguvu."

Katibu aliandika kwamba mkaa umeonekana na umetambuliwa.

"Basi, baba, ardhi ni ya mama yangu," Waridi alisema.

"Ni ya mama yako. Nani asiyejua?" Mzee aliuweka mkaa chini, akaifuta mikono. "Lakini sikiliza, mwanangu. Hapa tunaulizwa kwa mila. Na mila ni kwamba mgeni akija, tunampa mahali pa kupanda boga. Hatumpi mahali pa kupanda mnazi. Boga ni zao la msimu, halimfungi mwenye ardhi. Sasa wewe umetuletea maboga. Athmani ana minazi arubaini."

"Mnazi ni wa aliyeupanda na ardhi ni ya mwenye ardhi. Wewe ndiwe uliyetufundisha."

"Nilifundisha, na ni kweli. Lakini fomu ina mstari mmoja tu, Waridi. Niliwaambia wautie wa pili. Walisema fomu zimeshapigwa chapa." Alimwashiria katibu afungue faili. "Na hata hivyo Athmani amekwisha tia dole gumba kwenye hati ya kuuza. Shamba ni la bwana mmoja wa Nairobi."

"Bwana gani?"

Katibu alimwonesha jina. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Hakuna katika chumba kile aliyewahi kumwona mwenye jina hilo, na hata walipoulizana hapakupatikana aliyemjua mtu anayemjua.

Kulikuwa kumepita muda mrefu tangu asubuhi, na wazee walikuwa na kiu. Mtu mmoja alitia ule mkaa kwenye seredani akabandika birika. Ulishika moto mara moja, haukutoa moshi, na wote walikubaliana kwamba hawajaona mkaa mzuri kama ule tangu vita. Waridi aliletewa kikombe cha kwanza, kwa heshima. Kukataa chai ya wazee ni utovu wa adabu, kwa hiyo aliinywa, huku machozi yakimtiririka hadi ndani ya kikombe, na uchungu aliousikia siku ile haukumtoka tena.

Athmani alimngojea njiani akamchukulia kikapu.

"Shemeji, mimi sikusema ardhi ni yangu. Niliulizwa minazi ni ya nani."

"Na dole gumba?"

"Niliambiwa nitie. Nilidhani ni karatasi ya minazi." Alitembea kidogo. "Walinipa mabati ya kuezekea. Nilidhani ni zawadi ya Uhuru."

Alikuwa akisema kweli, na ukweli wake haukumsaidia mtu. Minazi nayo ilikuwa imekwenda pamoja na ardhi, maana bwana wa Nairobi naye alikuwa na mstari mmoja tu. Athmani alikuwa hajalijua hilo. Waridi alilijua kwa kuwa alikuwa amemwuliza katibu, lakini alimwona jinsi alivyokibeba kile kikapu kitupu kwa mikono miwili, akamwacha alijue siku nyingine.

Waliojenga ua walikuja mwezi wa kumi, na lori la nguzo na marobota ya seng'enge. Msimamizi wao aliitwa Randu, mtu wa Samburu ile ya hukuhuku pwani, mpole, mwenye kofia ya ukindu. Alikuwa amepewa ramani ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Alipouona mmea wa boga aliutembea wote, akarudi akamwamkia Waridi.

"Nani aliyewapimia, mama?"

"Umejipima wenyewe."

"Umepimika vizuri. Umetupunguzia kazi ya siku nne."

Walisimamisha nguzo kwenye kila pembe na wakavuta seng'enge juu ya shina, bila kulikanyaga. Randu aliwakataza vijana wake wasichume hata jani. Alimwambia Waridi achukue wiki mbili, avune, apange vyombo, na kama atahitaji watu wa kumbebea atawatoa. Waridi alimwuliza kuhusu makaburi. Alimweleza nafasi ya Bimkubwa, hatua thelathini kutoka jikoni, na kwamba siku yake ikifika wataingia na jeneza tu, wazike, watoke.

Randu alivua kofia. "Ingekuwa langu, mama, mngeingia. Lakini utahitaji barua ya mwenyewe."

"Barua nitaiomba wapi?"

Randu hakujua. Mshahara wake ulikuja kwa bahasha isiyo na anwani.

Ijumaa ya mwisho Bimkubwa alitembea hatua zake thelathini, akakaa kwenye mchanga mahali pake kwa muda mrefu. Aliporudi alisema kwamba kuku wamepachimba sana. Kesho yake walibeba vyombo wakaenda Mkongani, ng'ambo ya msitu wa Shimba.

Mkongani aliishi Salimu, binamu yake Waridi, mtu mwema mwenye watoto wengi na ardhi ndogo. Aliwapa chumba kimoja na kipande cha uwanja kinachotosha kutandika mikeka mitatu.

"Panda utakacho, dada," alisema, akaangalia chini. "Mti tu usipande."

"Najua, ndugu yangu," Waridi alisema.

Mvua ya vuli ilikuwa imeanza. Bimkubwa alizipapasa mbegu za zamani zilizobaki chini ya kibuyu, akazichagua, na Waridi akazipanda tatu tatu, ncha chini. Zilichipua siku ya sita. Siku ya kumi mashina yote, bila kubaki hata moja, yaligeukia upande mmoja yakaanza kwenda. Hayakuzunguka kipande kile cha mikeka mitatu, wala hayakujali mpaka wa Salimu. Yalielekea pwani. Kufikia alasiri yalikuwa yamepita kwenye mihogo ya jirani wa kwanza, na kesho yake yakaingia kwenye mahindi ya jirani wa pili, yakayaangusha.

Majirani walikuja kwa adabu, wakakaribishwa, wakakaa. Walisema wanaelewa. Mmea unakwenda kwao, na mwenda kwao halaumiwi. Lakini mahindi ndiyo chakula cha watoto, na njia ya ng'ombe imezibwa. Waridi aliwaomba radhi. Asubuhi iliyofuata alichukua panga akayakata mashina yote kwenye ukingo wa kipande chake. Asubuhi ya pili yalikuwa yamechipua tena na kufika kwenye mihogo, akayakata tena. Hata boga moja halikushika. Mmea unaosafiri hauna wakati wa kuzaa.

Hakumwambia mama yake kwamba anayakata. Bimkubwa alikuwa ameusikia mmea ule ukikwaruza chini ya dirisha siku ya kwanza, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Kinondo.

"Unakwenda wapi?" aliuliza.

"Pwani, mama."

"Umefika wapi?"

"Umeingia msitu wa Shimba."

Tangu siku hiyo aliuliza kila jioni, na kila jioni Waridi akamjibu. Mmea ulivuka msitu wa Shimba, ambako ndovu waliupisha. Uliteremka mlima. Ulilala Ng'ombeni siku mbili. Bimkubwa alizijua njia zile tangu usichana, akawa anauliza kama umepita kulia kwa kisima au kushoto, na Waridi akawa anamwambia, na mara nyingine mzee alimsahihisha. Ramadhani ikaingia. Walifuturu kwa uji na mihogo ya Salimu, mwaka wa kwanza katika umri wa Waridi bila boga la nazi, na baada ya sala Bimkubwa aliuliza, na Waridi akasema umefika Ukunda.

"Alhamdulillahi," Bimkubwa alisema. "Basi kesho utoe sanda yangu kwenye kasha, uianike ipate hewa."

"Ya nini sanda, mama?"

"Ukunda na Kinondo ni karibu. Ukishafika, njia itakuwa wazi, nami nitaufuata. Sikuwa nikingoja jambo jingine."

Alisema hivyo kwa furaha kabisa, akaomba maji, akalala. Waridi alibaki ameshika bakuli. Alikuwa ameyapanga yale maneno ya kila jioni ili mama yake apate pa kuegemea, na hakujua kwamba alikuwa akimsindikiza. Na pale alipokuwa akimsindikiza kulikuwa na nguzo na seng'enge na barua isiyo na pa kuombwa. Akifa watamzika hapa, nyuma ya choo cha Salimu, kama Salimu ataridhia, maana kaburi nalo si zao la msimu.

Kesho yake Bimkubwa aliuliza, naye akasema bado uko Ukunda. Keshokutwa akasema vivyo hivyo. Idi ikapita.

"Bado Ukunda?"

"Bado, mama. Pana barabara kubwa pale. Magari ni mengi, unangoja kuvuka."

"Magari yamekuwa mengi hivyo?"

"Ni mengi sana siku hizi, mama."

Bimkubwa alikubali, kwa kuwa hakuwa ameiona barabara ile tangu kabla ya Uhuru. Alikuwa amekonda, na kila siku alikula kidogo kuliko jana, lakini alikaa wima juu ya kigoda uso umeelekea pwani, na sanda ilikuwa imekunjwa magotini mwake. Waridi aliamka asubuhi, akachukua panga, akaukata mmea mahali palepale, akawapa mbuzi wa Salimu majani, na jioni mama yake alipouliza, akamwambia magari bado yanapita.